Meli ya Mreno ya futi 20 kwa uwanja wa mkahawa Lang'ata, fundi wa Nairobi ataiweza?

fundi_dagoretti

Wasee habari zenu. Mimi ni fundi wa mbao, karakana yangu iko karibu na Dagoretti Corner na kazi zangu ni zile mnazijua, vitanda, kabati za jikoni, milango, saa zingine bembea za shule. Sasa nimepata klayenti anafungua mkahawa Lang'ata, ako na uwanja mkubwa hapo nyuma, na amekuja na picha ameitoa kwa intaneti ya meli ya zamani, zile za mbao na matanga za enzi za Wareno, akaniambia anataka hiyo hiyo, urefu futi 20, milingoti mitatu, mizinga inachungulia pande zote mbili, kanyumba ka nyuma kenye madirisha ya vioo vidogo vidogo, na watoto wapande juu na waingie ndani. Majini haiendi, itakaa tu kwa nyasi. Amesema ako na laki saba, mbao ikiwa ndani ya hiyo hesabu, na anataka iwe imesimama kabla ya Krismasi.

Kukata na kuunganisha siogopi. Kinachonisumbua ni ule mwili wa meli venye umejaa katikati halafu unajikunja ukienda mbele na ukienda nyuma, yaani hakuna mahali pamenyooka, sijui mtu anaanzia wapi, anasimamisha mbavu kwanza halafu anapiga mbao juu ama anafanyaje, na hiyo mbao unaipinda vipi bila kuivunja. Nimeuliza wenzangu hapa barabarani, mmoja akasema nitengeneze boksi kubwa halafu nibandike plaiwudi nyembamba, mwingine akacheka tu akaendelea na sofa yake. Pia sijui ni mti gani utavumilia jua na mvua ya hapa. Na laki saba ni pesa ama nimetukanwa? Mwenye anajua anisaidie, klayenti anataka jibu wiki hii.

mbao_za_gikomba

Fundi nianzie hapo kwa pesa. Laki saba na mbao ikiwa ndani, umeumia kabla hujanunua msumari. Meli haina vipande viwili vimefanana, huwezi kukata thelathini za saizi moja venye unakata miguu ya viti, kila mbavu iko na umbo lake na kila ubao unapimwa peke yake, na mbao inayoenda kwa takataka ni nyingi mno. Mimi niko upande wa kuuza na naona venye mafundi wanakadiria, wanahesabu futi za kazi iliyoisha, ile ya kutupwa hawahesabu, halafu wanarudi kwangu kuomba deni.

Sasa mti. Paini ambayo haijatiwa dawa usiipeleke nje, masika moja tu inaanza kuoza. Mkaratusi ni mgumu sawa lakini unajipinda wenyewe ukikauka na unapasuka ncha. Saipresi ndio rafiki ya mtu wa bajeti, nyepesi, inakubali msumari, na nje inavumilia kuliko paini. Ukitaka kitu cha kudumu ni mvule, lakini mvule mwingi ukiuona hapa Nairobi umetoka nje ya mpaka, Uganda na Kongo, kwa hivyo bei inategemea lori imefika ama haijafika. Ningekuwa wewe mvule ningeuweka chini pekee, ule mti mkuu wa katikati na miguu ya kuusimamisha, mahali pananyonya maji na mchwa wanapitia, juu kote nafunika na saipresi. Na ununue mapema, upange kivulini na vijiti katikati hewa ipite. Mbao mbichi ukiipigilia leo, ikifika Februari utakuwa unawaona watoto walio ndani kupitia nyufa.

mchoraji_plani

Kabla ya mbao kuna hesabu klayenti hajafanya. Chukua meli ya kiasi, tuseme mita 30. Futi 20 ni kama mita 6, kwa hivyo kila kitu umekigawanya kwa tano. Mtu wa futi sita ndani ya hiyo meli yako anakuwa na urefu wa inchi kumi na nne na kidogo. Mlango wa kanyumba ka nyuma unakuwa wa kuku. Ule ukingo wa pembeni unaozuia mabaharia wasianguke, tuseme kwa meli halisi ni mita moja, kwako unakuwa sentimita 20, yaani unamfika mtoto chini ya goti na huyo mtoto amesimama juu ya dari ya meli, chini kuna nyasi ama kuna mzinga wa mbao. Meli unaweza kuipunguza, watoto huwezi.

Kwa hivyo mwambie achague anataka nini. Kama ni ya kuangaliwa tu, ijengwe kwa vipimo sawasawa na izungushiwe kamba watu wasipande. Kama ni ya kuchezewa, basi asahau kila kitu kwa ile picha na achukue kipande cha meli badala ya meli nzima, kwa mfano ile nyuma yake yenye madirisha na sitaha fupi, unaijenga kwa nusu ya ukubwa halisi ama hata zaidi, unaisimamisha ikiegemea ukuta wa mkahawa, na watoto wanapata ngazi, usukani na dirisha la kuchungulia. Hiyo ningeipenda mimi. Ama ajenge mashua, zile meli kubwa zote zilikuwa zinabeba mashua za kupeleka watu ufuoni, na mashua ya futi 20 ni saizi yake halisi, hakuna kudanganya mtu.

Ukiamua kujenga mwili wenyewe, usipime kutoka kwa picha, tafuta mchoro wa meli wenye sehemu tatu, ubavu, kutoka juu, na mikato. Hiyo ya mikato ndio mali. Fikiria mkate umekatwa slesi, kila slesi ni umbo la mbavu moja. Unaichora kwa ukubwa wa kazi yako juu ya plaiwudi, unaikata, unasimamisha zote juu ya ule mti wa katikati kila baada ya futi moja ama moja na nusu. Halafu kabla ya kupigilia kitu chochote unachukua ufito mwembamba ulionyooka, mrefu kama meli yenyewe, unaulaza kutoka mbele hadi nyuma juu ya hizo mbavu na unainama unaangalia kwa jicho moja. Mahali ufito umening'inia bila kugusa mbavu, unaongeza kipande. Mahali umebinuka, unapunguza na randa. Unausogeza chini kidogo, unarudia. Hapo ndio kazi yote iko, ukiruka hiyo hatua mbao zako zitakaa zimevimba hapa na zimebonyea pale na hakuna rangi itaficha.

mwana_amu

Salamu alaykum fundi. Mimi ni mtu wa Lamu naishi South C, na wajomba zangu ni mafundi wa vyombo Matondoni, kwa hivyo hii nimeikuta nikiwa nazunguka tu nikasema hapana, lazima nijibu.

Kwetu fundi hana mchoro wa karatasi. Analaza mkuku, yaani ule mti mkuu wa chini katikati, anasimamisha fashini, miti ya kusimama ya mbele na ya nyuma, halafu mbao za chini zinaanza kupangwa na mataruma, ndizo mbavu, yanaingizwa kuzifuata na kuzishika, umbo liko kichwani mwake na kwenye jicho lake. Wareno walikuwa wanasimamisha mbavu kwanza, ndivyo ndugu hapo juu amekueleza, na kwako wewe ambaye hujawahi kuunda chombo hiyo njia ya mbavu ndiyo salama maana makosa unayaona mapema.

Lakini angalia hili. Taruma halichongwi kutoka ubao ulionyooka. Fundi anaingia msituni anatafuta tawi ambalo limejikunja lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata ule mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichukua ubao ulionyooka ukachora mkunjo ukakata, pale nyuzi zimekatizwa ndipo patakapovunjika, tena si baada ya miaka, hata wakati unapigilia. Wazungu nao walifanya hivyo hivyo na mialoni yao, walikuwa wanatafuta miti iliyopinda. Sasa wewe huwezi kuingia msitu wa Karura na tezo, lile shoka la kuchongea, mkononi, kwa hivyo fanya mataruma ya plaiwudi nzito, tabaka mbili ama tatu za gundi, na maungio ya tabaka moja yasikutane na ya tabaka lingine. Si ya asili lakini haitavunjika.

Kupinda mbao: ubao wa nusu inchi kwa upana wa inchi mbili utapinda kwa mkono na klampu, usijisumbue. Ukitaka mnene zaidi tengeneza sanduku refu la mbao, pipa la maji kwenye moto, bomba la kupeleka mvuke ndani, na ule mkadirio wa mafundi ni saa moja kwa kila inchi ya unene. Ukiutoa una dakika chache sana, kwa hivyo klampu ziwe zimeshafunguliwa na mtu wa pili amesimama upande ule mwingine tayari, si ameenda kununua soda.

Kalafati usifanye, nasisitiza. Pamba tunayoshindilia kati ya mbao inafanya kazi kwa sababu chombo kikiingia majini mbao zinakunywa zinavimba zinaibana. Juu ya nyasi za Lang'ata hakuna cha kuvimba, mbao zitakauka na pamba itaning'inia nje. Acha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao maji yapite, na chini toboa matundu ya kutolea maji ya mvua. Na mtu asikwambie eti upake sifa ndio iwe ya asili. Hayo ni mafuta ya papa, kwetu chombo kinanukia vizuri tu lakini wateja wako wa keki watahama.

mjukuu_wa_mekatilili

Mimi swali langu ni moja, kwa nini Mreno? Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida alikuja na meli zake Mombasa akaupora mji akauchoma, na huyo hata hakuwa wa mwisho. Leo tunajenga meli yake Lang'ata watoto wetu wapande washike mizinga wapige selfi. Pwani hii ilikuwa na vyombo vyake karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kuona Malindi 1498, kulikuwa na mtepe ulioshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, huo mbona hakuna mkahawa unautaka? Fundi pesa chukua, sikulaumu, lakini klayenti wako aulizwe.

mwl_wa_historia

Mjukuu, hasira naielewa na mtepe nauunga mkono, ila niongeze jambo. Enzi za Wareno si siku moja, ni miaka mia mbili, na meli za mwanzo hazifanani na za mwisho. Vasco da Gama 1498 alikuja na meli ndogo kiasi. Picha yenye safu ndefu za mizinga ubavuni na madirisha ya vioo nyuma, hiyo ni ya karne ya 17 ama ya 18, na hata huenda si ya Mreno, inaweza kuwa ya Mholanzi ama Mwingereza. Kwa hivyo fundi muulize klayenti ni meli gani haswa, kwa sababu akija mteja anayejua atamcheka yeye na wewe.

Kama anataka ya Mreno yenye uhusiano na Kenya, iko moja na inajulikana vizuri, Santo António de Tanná. Ilikuwa frigeti, aina ya meli ya kivita, ikazama 1697 mbele ya Fort Jesus wakati Waomani wameizingira ngome, mzingiro ule ulianza 1696 ukaisha 1698 ngome ikianguka. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa akiolojia wakiwa na Makumbusho ya Kenya waliichimba pale chini, na vitu vilivyotolewa vingine viko Fort Jesus hadi leo, nenda ukavione. Na Mjukuu ataipenda hii, meli hiyo ya Mreno haikuundwa Ureno, iliundwa Bassein, India, karibu na Mumbai ya leo.

Kuhusu replika, yaani nakala za meli za kale, kwa jumla, watu wanadhani waliojenga walikuwa na michoro. Wengi hawakuwa nayo. Mayflower II iliyojengwa Uingereza ikavuka Atlantiki 1957 ilibuniwa kwa kukisia kutoka kwa meli zingine za wakati ule, maana ya Mayflower yenyewe haikubaki plani yoyote. Batavia ya Waholanzi ilianza 1985 pale Lelystad ikashuliwa majini 1995, miaka kumi, na kazi kubwa ilifanywa na vijana waliokuwa wanajifunza ufundi hapo hapo. Wale nao waligundua kwamba Waholanzi wa zamani walianza na mbao za chini kabla ya mbavu, karibu na vile mwana_amu anaeleza ya Matondoni. Götheborg ya Waswidi, mkuku ulilazwa 1995, ikashuliwa 2003, ikaenda China 2005. Mnaona miaka hiyo? Sasa klayenti anataka kabla ya Krismasi. Sijasema ni sawa na hiyo yako, yako haiendi China, ila mweleze aelewe kwamba hii si kabati.

mjukuu_wa_mekatilili

Bassein sikujua. Bado nasema mtepe.

fundi_dagoretti

Asanteni sana aki, nimesoma yote nikiwa kwa matatu nikapitishwa steji. Nimempigia klayenti nikampa ile ya mtu wa inchi kumi na nne, akanyamaza kidogo halafu akasema hakuwa amefikiria hivyo, nadhani ile ya kujenga nyuma ya meli ikiegemea ukuta imemuingia, ameniuliza kama itakuwa na usukani unaozunguka. Nikamwambia mtepe pia akauliza ni nini nikashindwa kumwelezea. @mwana_amu huo mtepe ni kitu mtu wa hapa anaweza? Na nikitaka fundi mmoja kutoka kwenu aje anisimamie wiki mbili hivi, hiyo ni ndoto ama inawezekana? Halafu jambo lingine, uwanja wake ni ule udongo mweusi, na amesema milingoti anaitaka, hapo hakubali kupunguza.

mwana_amu

Mtepe mzima sikushauri, nakuambia ukweli ingawa unaniuma. Kila ubao unatobolewa matundu ukingoni, kamba ya makumbi ya nazi inapitishwa inakazwa, inazibwa, na tundu moja likipishana na mwenzake umeharibu ubao. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba, na omo, ile ncha ya mbele, imetoka ndefu kama shingo. Ya mwisho ilipotea miaka ya 1930. Lamu pale makumbusho kuna modeli yake ukitaka kuona umbo. Unguja walijenga mkubwa ukawekwa ndani ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, na jumba lenyewe likaporomoka sehemu Desemba 2020. Waomani ndio walioonyesha kushona kunawezekana hadi leo, meli yao Jewel of Muscat waliishona yote kwa kamba ya nazi wakaipeleka Singapore 2010, lakini hao walikuwa na serikali nyuma yao, wewe una laki saba.

Kitu ninachoweza kukushauri, kwenye ile nyuma ya meli yako weka ukuta mmoja wa ndani wa mbao zilizoshonwa, futi nne kwa futi nne tu, watoto waone na washike. Itamfurahisha Mjukuu na itakuwa kazi ya siku chache.

Kuleta fundi inawezekana kabisa, mafundi wetu wanasafiri. Flipflopi, lile jahazi la plastiki iliyookotwa ufuoni, liliundwa Lamu likashuliwa 2018 na 2019 likafika Unguja, mafundi wale wale. Ila mjue mapema nani analipa nauli, chakula na mahali pa kulala, na umheshimu, usimpeleke kulala juu ya unga wa msumeno karakana. Akija na vyombo vyake atakuja na tezo na keekee ya kutobolea, wewe toa umeme na vijana wawili wa kumshikia. Na usimwambie "mzee haraka", atafunga mzigo wake aondoke.

Kuhusu miguu chini, hizo nguzo za plastiki zinazouzwa za kutengenezea ua, zikatwe ziwekwe mahali mti unagusa ardhi. Mchwa hawana habari nazo.

hema_na_kamba

Mimi kazi yangu ni kusimamisha mahema ya harusi na majukwaa, meli sijui, lakini milingoti na udongo mweusi najua. Huo udongo mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia, na chochote umesimamisha juu yake kinasogea. Usichimbe futi moja ukadhani umemaliza. Toa ule mweusi hadi ufike chini kwa ugumu, jaza mawe na murramu, shindilia, halafu ndio uweke zege ya kukalia. Ukishindwa na gharama, basi ijengwe juu ya fremu moja ngumu chini, ikisogea isogee yote pamoja isijivunje katikati.

Mlingoti kwa ule mtindo wa meli nzima haukusimama kwa sababu umechomekwa kwa shimo. Zile kamba unaona kwa picha zimeshuka pembeni kama ngazi ndizo zinaushika usiende kushoto wala kulia, na zile za mbele na nyuma zinaushika usilale. Mafundi wengi wa mapambo wanaweka kamba nyembamba za urembo halafu mlingoti umeshikwa na misumari miwili. Upepo mkali ukiuvuta na umefunga tanga la turubai juu, hiyo ni hema bila vigingi. Kwa hivyo ama kamba ziwe za kweli na zifungwe kwa bolti zilizozama kwenye zege, ama tanga liwe limekunjwa na kufungwa juu milele, ama lishonwe la wavu upepo upite. Mimi ningekunja. Meli ikiwa bandarini matanga yanakunjwa, hakuna atakayeuliza.

Na zile kamba za ngazi, watoto watazipanda, usijidanganye na kibao cha "usipande". Anza ngazi juu mahali mtoto hafiki ama uweke nyasi za kuangukia chini.

mchoraji_plani

Hapo kwa kamba ameongea. Ongeza kwamba ukichukua kipande cha nyuma pekee unabaki na mlingoti mmoja, ule mfupi wa nyuma, na klayenti anapata mlingoti wake na wewe unapunguza shida mbili. Umwambie hivyo hivyo, "milingoti mitatu ni ya meli nzima, hii ni nyuma yake".

Kitu kingine, vile vioo vidogo vya madirisha usitumie kioo. Weka plastiki ngumu ya kung'aa, na uweke fito za mbao juu yake kwa mraba wa inchi tatu inchi nne. Ukitaka zile pembe pembe za mshazari zinapendeza zaidi lakini kazi yake ni mara mbili.

mbao_za_gikomba

Na rangi mmesahau. Vanishi ya kung'aa ile ya ndani ya nyumba ikipigwa na jua la hapa juu inabanduka kama ngozi ya mtu aliyetoka Diani, mwaka mmoja umerudi kusugua bure. Paka mafuta ya mbao ambayo mtu anaweza kurudia bila kusugua yote, ama rangi ya mafuta kabisa, nyeusi chini na njano ya udongo juu, zile meli nyingi kwa picha ziko hivyo. Na andika kwa makubaliano kwamba kila mwaka kuna kupaka upya na anakulipa.

fundi_dagoretti

Sawa, nimekubaliana naye. Meli nzima hapana, tunajenga nyuma yake, upana futi 12, kwenda mbele futi 14, sitaha mbili, ya juu ina ukingo wa futi tatu na nusu, mlingoti mmoja tanga limekunjwa, madirisha matano, na ule ukuta wa kushonwa ndani. Mizinga minne pekee, ya mbao, hailengi meza ya mtu. Amepandisha hadi laki tisa na nusu na msingi wa zege analipa yeye kando, na tarehe tumeisukuma hadi Februari. Kuhusu jina la kuandika nyuma bado tunabishana, yeye anataka jina la mkahawa, mimi nimemwambia ile frigeti ya Mombasa, amesema ataenda kuisoma.

Mwana_amu nakutumia ujumbe pembeni kuhusu mjomba wako. Swali la mwisho kwa mama wa mbao, hiyo deposti alinipa ni asilimia thelathini, inatosha kuanza?

mbao_za_gikomba

Haitoshi. Kwa kazi kama hii mbao yote inunuliwe mwanzo ndio ikauke pamoja, ukinunua nusu sasa na nusu Novemba utapata rangi mbili na unyevu mbili kwa ukuta mmoja. Mwambie asilimia hamsini, na risiti za mbao utamletea. Mvule nina vipande virefu vinne vizuri sai vimekaa ndani tangu mwaka jana, vimekauka, lakini kuna mtu wa milango ya kanisa pia anavizungukia. Njoo Jumanne mapema kabla malori hayajajaa hapa, uje na mchoro wa ule mti wa chini na futi zake, usije na ile picha ya intaneti.